Mirija ya kusinyaa: Dukani inafanana, kazini haifanani

Anayepita kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo ataiona bidhaa hii ikining'inia ukutani au ikiwa imeviringwa kwenye rola, jirani na tepu nyeusi. Ni mirija laini ya plastiki, mingi ikiwa myeusi, mingine myekundu, ya njano, ya bluu au ya kijani. Fundi huuvisha mrija juu ya waya uliounganishwa, huupasha moto, nao husinyaa mpaka ukaushika waya kama ngozi. Wauzaji wengi huipangia bei kwa kipenyo peke yake: mkubwa bei kubwa, mdogo bei ndogo, biashara imekwisha.

Hapo ndipo mitaji inapopotelea. Mirija miwili ya milimita 12, yote myeusi, yote imeshuka kutoka kontena moja, inaweza kutofautiana bei ya kiwandani mara kadhaa, na tofauti hiyo ina sababu. Mwagizaji asiyeijua sababu hiyo ama atafunga fedha zake katika mzigo wa ghali ambao wateja wake hawauhitaji, ama atawauzia mafundi wa visima mrija usiozuia maji na kuwapoteza wateja hao msimu wa kwanza tu. Makosa yote mawili yanaepukika, na elimu yake haihitaji shahada ya uhandisi.

Tuanze na swali la kwa nini mrija husinyaa badala ya kuyeyuka. Malighafi ya mirija mingi ni poliolefini, jamii ya plastiki ambayo ndani yake imo ile ile inayotengenezea mifuko na madumu. Plastiki hiyo ikiwa ya kawaida, ukiichoma hulainika, hudondoka na kukunyima kazi. Kiwandani mrija hupitishwa kwenye miale ya elektroni, ambayo huzifunga molekuli zake zishikane kama wavu wa mvuvi. Baada ya hapo hupashwa joto, hutanuliwa kwa nguvu mpaka mara mbili, tatu au nne ya ukubwa wake, kisha hupozwa ukiwa bado umetanuka. Unakaa hivyo dukani kwa miaka. Siku fundi anapoupasha joto tena, kwa kawaida kati ya nyuzi 90 na 125 za Selsiasi, ule wavu unavuta na mrija unaurudia ukubwa wake wa mwanzo.

Ufundi huu uliingizwa katika biashara na kampuni ya Raychem, ambayo Paul Cook na wenzake waliianzisha huko California mwaka 1957 kwa nia ya kutumia miale kuimarisha plastiki za nyaya. Tyco iliinunua Raychem mwaka 1999, na leo jina hilo liko chini ya TE Connectivity. Hata hivyo sehemu kubwa ya mirija inayofika katika masoko yetu hutoka China, hasa mkoa wa Guangdong, ambako kampuni ya Woer imekua mpaka hisa zake zinauzwa katika soko la hisa la Shenzhen. Kwa hiyo kusema "ya China" hakumwambii mnunuzi chochote. Kuna ya China iliyopimwa na kupigwa chapa, na kuna ya China ambayo hata aliyeitengeneza hangeiweka nyumbani kwake.

Namba ya kwanza ya kuisoma ni uwiano. Mrija ulioandikwa 2:1 husinyaa mpaka nusu ya kipenyo chake, wa 3:1 mpaka theluthi, wa 4:1 mpaka robo. Tuchukue fundi mwenye kebo ya unene wa milimita 7 ambayo mwisho wake umebanwa kichwa cha shaba cha milimita 14. Mrija lazima upite juu ya kichwa kisha ubane kebo. Akiuziwa wa 2:1 wa milimita 16, utasinyaa mpaka milimita 8 na kubaki unacheza. Akipewa wa 3:1 wa milimita 18, utapita bila shida na unaweza kusinyaa mpaka 6, kwa hiyo utashika barabara. Fundi aliyeuziwa ule wa kwanza hatarudi kulalamika kuhusu uwiano. Atasema tu kwamba duka fulani lina vitu hafifu.

Maandishi mengine hupigwa juu ya mrija wenyewe. Ukikuta 125°C, 600 V na VW-1, maana yake ni joto la juu ambalo mrija huvumilia kazini, volti za juu kabisa, na kwamba aina hiyo imepita jaribio la moto ambamo waya uliosimamishwa wima huchomwa kuona kama utaendeleza mwali. Mrija usio na maandishi yoyote si lazima uwe mbaya, ila anayeuuza hana cha kuonyesha siku kibanda cha mteja kikiungua.

Gundi ndiyo bei

Tofauti kubwa ya bei haitoki kwenye uwiano wala rangi, bali ndani ya mrija. Kuna mirija ya ukuta mmoja, ambayo ndani ni mikavu, na kuna ya kuta mbili, ambayo ndani imepakwa tabaka la gundi ngumu inayoyeyuka kwa joto. Wa pili unaposinyaa, gundi huyeyuka, hujaza kila upenyo kati ya mrija na kebo, huchungulia pembeni kama ute, kisha hupoa na kuwa kizibo. Wa ukuta mmoja hubana vizuri machoni lakini hauzuii maji, kwa kuwa maji hutambaa taratibu kati ya plastiki mbili zilizogusana tu.

Mahali pa kuiona tofauti hii kwa shilingi ni kwenye kisima kirefu. Waya za mota ya pampu inayozamishwa huunganishwa na kebo ndefu inayoshuka kutoka juu, na kiungo hicho huishi ndani ya maji maisha yake yote. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la bar 1 hivi. Kiungo kilichoko mita 60 chini ya uso wa maji husukumwa na bar 6, zaidi ya maradufu ya upepo wa tairi la gari dogo. Fundi anayejua kazi hupishanisha viungo ili visijazane mahali pamoja, huvisha kila waya mrija wake wenye gundi, kisha huvisha mrija mmoja mkubwa wenye gundi juu ya vyote. Huanza kupasha moto katikati na kuelekea pembeni ili hewa itoke. Akimaliza, gundi lazima ionekane pande zote mbili.

Sasa tuseme muuza duka amempa mrija mkavu, kwa sababu kipenyo ni kile kile na bei imempendeza mteja. Pampu itawaka siku hiyo, na pengine itafanya kazi wiki kadhaa. Maji yakishafika kwenye shaba, swichi inaanza kujikata, na kama hakuna kinga nzuri mota inaungua. Ili kubadilisha kipande cha plastiki chenye urefu wa kiganja, mwenye kisima italazimu alipe watu wa kuvuta mabomba yote juu, bomba baada ya bomba, huku mifugo, bustani au kijiji kizima kikisubiri maji. Gharama ya kuvuta pampu mara moja inaweza kununua mirija yenye gundi ya kutosha visima vingi. Ndiyo maana fundi wa visima habishanii bei ya mrija. Anabishania uhakika, na akiupata kwako atakuja tena na wenzake.

Hii haina maana kwamba duka lijaze mirija yenye gundi peke yake. Mtengenezaji wa makabati ya umeme hataki gundi: humchafulia kazi, na siku ya kubadilisha waya inamlazimu akwangue kwa kisu. Yeye anataka mirija mikavu ya rangi za kutenganishia nyaya, kwa rola nzima. Fundi wa redio na simu anataka myembamba ya milimita 1 hadi 5. Fundi wa bodaboda, bajaji na sola yuko katikati, kwa kuwa nyaya zake hunyeshewa mvua na kupigwa na jua. Huyu ukimwonyesha mrija wenye gundi mara moja, ukamweleza sababu, mara nyingi huacha tepu. Na kwa kweli mshindani mkubwa wa bidhaa hii si kiwanda kingine bali tepu hiyo hiyo, ambayo kwa joto la pwani gundi yake hulainika na kuanza kujibandua ncha. Kwa kazi za juani mweusi ni bora kuliko wa rangi, kwa kuwa masizi yaliyochanganywa ndani yake huikinga plastiki na jua.

Kuna aina ambazo mwenye mtaji mdogo azipite tu. Seti za kumalizia kebo za kilovolti 11 na 33 huuzwa zikiwa kamili, na ndani yake mna mirija maalumu ya kutawanya nguvu ya umeme na mingine ya kuvumilia vumbi na ukungu. Mrija wa dukani wa volti 600, hata uwe mnene vipi, haupaswi kukaribia kazi hiyo.

Upande wa mkongo

Tangu mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na serikali ilipoanza kutandaza Mkongo wa Taifa, mirija ya kusinyaa imepata soko la pili ambalo halihusu umeme kabisa. Uzi wa faiba ni kioo chenye unene wa maikroni 125, yaani moja ya nane ya milimita. Kuunga nyuzi mbili, fundi humenya ganda, husafisha kwa spiriti, hukata ncha kwa kisu maalumu na kuziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme ndani ya mashine. Kiungo hicho hupitisha mwanga vizuri lakini ni dhaifu, ukikigusa kimevunjika. Hukingwa kwa kijimrija chenye vitu vitatu: mrija wa nje unaosinyaa, mrija laini wa ndani unaoyeyuka na kuufunika uzi, na kijiti cha chuma kisichoshika kutu kinachozuia usipinde. Mashine yenyewe ina kitanuri kidogo cha kazi hii, na huchukua chini ya dakika moja. Kijimrija lazima kivishwe kabla ya kuunga. Aliyesahau hukata na kuanza upya, na kila fundi wa faiba amewahi kusahau.

Kwa mfanyabiashara, jambo la kuangalia hapa ni urefu. Vinavyotumika sana ni vya milimita 60 na vya milimita 40 au 45. Fundi akimenya milimita 16 kila upande, sehemu iliyo uchi ni milimita 32. Kijimrija cha 60 kitapanda juu ya ganda milimita 14 kila upande, na hiyo ni nafasi nzuri. Cha 40 kitabakiza milimita 4 tu, kidogo mno, kwa hiyo kinahitaji fundi anayemenya kwa ufupi. Aidha trei za kuhifadhia viungo zimechongwa kwa urefu fulani, na cha 60 hakiingii kwenye nafasi ya 45. Uliza mafundi wa mji wako wanatumia trei gani kabla ya kuagiza. Hafifu hujulikana kwa kijiti kilichopinda, ncha za kukwaruza, na mapovu yanayobaki ndani baada ya kupashwa joto. Povu likitanuka na kunywea kwa joto la mchana na baridi ya usiku hukandamiza uzi na kupoteza mwanga.

Wawekezaji wengi wakisikia "mkongo" huona mamilioni. Tupige hesabu. Chukua njia ya kilomita 100 yenye kebo ya nyuzi 24, inayotandazwa kwa magurudumu ya kilomita 4. Hayo ni magurudumu 25, na kati yake viungo 24. Kila kiungo kina nyuzi 24, jumla 576. Ongeza 48 za miisho miwili, unapata vijimrija 624. Vikiwa vimefungwa mifuko ya 100, hiyo ni mifuko saba, mzigo wa kubeba mkononi, na mara nyingi mkandarasi huja nao pamoja na kebo. Njia ndefu inayopigiwa ngoma kwenye uzinduzi haimpi muuza duka biashara. Biashara yake iko mjini, kwenye matengenezo: trekta limekata kebo, barabara inapanuliwa, nguzo imegongwa na lori, na fundi anahitaji vijimrija 50 leo jioni.

Hali kadhalika habari za mikongo ya baharini si habari za soko hili. SEACOM na EASSy zilipokatika Mei 12, 2024 na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwingineko, ukarabati ulikuwa kazi ya meli zenye vifaa vyake, na viungo vya baharini hufunikwa kwa plastiki inayomiminwa kwenye kalibu, si kwa mirija ya Kariakoo.

Na hata mjini, mwekezaji asijidanganye kwamba soko litapanda tu. Kebo zinazoingia nyumbani zinazidi kuja na vichwa vilivyokwisha kufungwa kiwandani, na kuna vichwa vya kubana ambavyo havihitaji mashine wala kijimrija. Maboksi ya viungo yanayofungwa kwa mpira na skrubu nayo yanachukua nafasi ya yale yanayozibwa kwa mirija mikubwa ya kusinyaa. Kwa maoni ya safu hii, vijimrija vya faiba ni bidhaa ya kuwa nayo kidogo na kuizungusha haraka. Mrija mweusi wenye gundi ndio wa kuwekea fedha.

Kupima kabla ya kulipa

Usiagize kwa picha. Omba sampuli za kila kipenyo, na ununue kaliba ya kupimia milimita na mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kiberiti cha gesi hufanya kazi, ila hubabua na kumdanganya anayepima.

Kata kipande cha milimita 100 na ukisinyaze peke yake, bila waya ndani. Mrija wa 12 wenye uwiano wa 3:1 lazima ufike 4 au chini. Pima na urefu: viwanda vingi hukubali upungufu wa asilimia 5 hadi 10, kwa hiyo kipande kikibaki milimita 80 huo ni mrija utakaomwacha fundi na shaba ya wazi. Tazama ukuta kwenye mkato. Kama upande mmoja ni mnene na mwingine mwembamba, ule mwembamba utapasuka juu ya ncha kali. Kisha endelea kuupasha joto zaidi ya ulipokwisha kusinyaa. Mrija wa poliolefini uliopitishwa kwenye miale vizuri hulainika kama mpira na kubaki na umbo lake. Unaoyeyuka na kudondoka haukufungwa ule wavu tuliousema, hata kama umeandikwa chapa tatu.

Wenye gundi usinyaze juu ya kipande cha kebo, uache upoe kabisa, kisha jaribu kuubandua. Gundi lazima iwe imetoka kuzunguka ncha zote. Ukiwa na rafiki fundi mwenye mega ya kupimia insulesheni, zamisheni kiungo kwenye ndoo ya maji usiku kucha na mkipime asubuhi. Jaribio hilo halina gharama, na matokeo yake ukimwonyesha mteja wa visima huhitaji maneno mengi.

Kwa rola nzima, mizani ni shahidi mzuri. Rola mbili za aina moja, kipenyo kimoja na mita sawa, iliyo nyepesi ina ukuta mwembamba au mita pungufu. Ya kuta mbili mara nyingi huja kwa vijiti vya mita 1.22, na hapo ndipo penye nafasi ya mtaji mdogo: kukata vipande, kuvifungasha kwa seti ya kiungo kimoja cha pampu au seti ya fundi bodaboda, na kuuza kwa seti badala ya mita. Kiwanda chenyewe tusikizungumzie. Mashine ya miale ya elektroni si ya kuanzia biashara.

Upande wa forodha, mirija hii inaweza kudaiwa iko kwenye sura ya 39 ya kitabu cha ushuru, ya plastiki, au sura ya 85, ya vifaa vya umeme, kutegemea maelezo ya hati. Zungumza na wakala wako kabla kiwanda hakijaandika ankara, na umuulize pia kuhusu cheti cha ukaguzi wa ubora kinachotolewa kabla ya mzigo kusafirishwa. Mzigo ni mwepesi na hauchukui nafasi kubwa, kwa hiyo kuchangia kontena na wenzako kunatosha.

Ukishafika, angalia unakoutunza. Watengenezaji wengi hutaka ghala lisizidi nyuzi 40 hivi, na stoo ya bati isiyo na dari Dar es Salaam mwezi Februari hupita hapo bila taabu. Aina zinazosinyaa kwa joto dogo huanza kunywea zenyewe, gundi hulainika na vijiti kushikana, na mrija uliokwisha kunywea nusu hautapita juu ya kichwa cha kebo. Katoni ziwekwe chini, mbali na bati na dirisha, na za zamani zitoke kwanza.